Kopo la Gizani

Kila mwanafunzi wa Shule ya Msingi Chidogomi alifika shuleni na mizigo miwili: mfuko wa madaftari na dumu la maji. Ukisahau daftari, mwalimu alikugombeza ukaketi. Ukisahau dumu, ulirudishwa nyumbani kulifuata. Miti ya shule, maua ya mbele ya ofisi na vyoo vyote viliishi kwa madumu hayo. Ulikuwa mwezi wa Novemba, mvua bado hazijabisha hodi, na upepo ulikuwa ukizungusha vumbi tangu asubuhi. Mgeni angeshangaa kuona watoto wamepanga foleni kuunywesha mwarobaini. Wenyeji hawakushangaa, kwa maana huku Dodoma maji hayachezewi.

Loisi wa Darasa la Sita alikaa ng'ambo ya uwanja wa mpira, nyumba ya kwanza ukitoka shuleni. Alikuwa mchapakazi, na alikuwa na sifa moja iliyompa kiburi kidogo: mwandiko. Herufi zake zilisimama sawasawa, hakuna iliyolala wala iliyoinama. Tangazo la chanjo likitakiwa, aliitwa Loisi. Majina ya viranja yakitakiwa ukutani, aliitwa Loisi. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Gerson, ambaye yeye mwenyewe aliandika utadhani kuku amepita karatasini, alimsifu mbele ya shule nzima. Sifa zikizidi huwa na madhara yake, na tutayaona.

Mwalimu wao wa sayansi aliitwa Mwalimu Bupe. Alikuwa mwanamke kijana, mwenyeji wa Mbeya, na miezi ya kwanza alilalamikia vumbi mpaka akachoka. "Kwetu mvua ikikosa wiki moja watu wanaanza kuulizana kuna nini," aliwaambia watoto, nao wakacheka sana. Siku moja aliwatoa nje, akaweka mpira wa miguu kwenye mstari wa goli.

"Hili ni jua," alisema. Kisha akampa Loisi punje moja ya uwele. "Na hii ndiyo dunia. Nenda nayo. Nenda tena. Usisimame mpaka nikuambie."

Loisi alitembea mpaka karibu nusu ya njia kufika katikati ya uwanja. Mwalimu alimpa punje nyingine rafiki yake Jenifa, akamsimamisha karibu zaidi na mpira. Huyo alikuwa sayari ya Zuhura. Kipande cha punje alikipata Lameck, akapelekwa mbali kuliko wote, akawa Mirihi.

"Jenifa, hapo ulipo ni tanuri. Hata madini ya risasi yanayeyuka, sembuse maji! Lameck, wewe maji yako ni barafu. Loisi, fungua kiganja chako wenzako waone. Kwenye kapunje hako, maji yanabaki kuwa maji. Humo mna bahari, mna ng'ombe wa akina Lameck, mna shule hii, na mna lile dumu ambalo Brighton amelisahau leo."

Darasa lilicheka. Brighton aliinama akachorachora mchanga kwa kidole cha mguu.

"Mwalimu, na nyota ya jirani iko wapi?" Lameck alipaza sauti kutoka huko Mirihi.

"Chukua mpira mwingine, kauweke Ulaya."

Walitazama kaskazini wakaona mlima tu. Hata hivyo Lameck hakuacha kufikiria jambo hilo. Waliporudi darasani Mwalimu Bupe aliwaeleza kwamba zamani sana, zaidi ya miaka bilioni kumi na tatu iliyopita, kila kitu kilichopo kilikuwa kimebanana na kina joto lisilosemeka, kikatanuka na kupoa. Zikatokea nyota. Ndani ya nyota ndimo kilimopikwa chuma, na nyota hizo zilipokufa zikakimwaga angani. Jua letu na dunia yetu vilikuja baadaye sana, vikajengwa kwa mabaki hayo.

"Kwa hiyo jembe la baba lilikuwa ndani ya nyota?" aliuliza Lameck.

"Jembe, na hata chuma kilicho katika damu yako."

Brighton alinyoosha mkono. "Mwalimu, lakini kanisani tunafundishwa Mungu aliumba."

"Nami ninasali, Brighton. Nani aliumba ni swali la kanisani, kalisikilize huko vizuri. Hapa tunauliza mambo yalikwendaje, na jibu tunalitafuta kwa kutazama na kupima."

Wiki hiyohiyo ilikuja habari ya maonyesho ya sayansi ya shule za msingi, Dodoma mjini. Kila shule ingepeleka kikundi cha watoto watatu. Mwalimu Bupe alimchagua Lameck aeleze mwanzo wa ulimwengu, maana alikuwa haishi kuuzungumzia hata akiwa machungani. Jenifa angeeleza kwa nini dunia ina uhai, na Loisi angeandika maelezo kwenye karatasi kubwa ya manila. Juu ya hayo wangefanya jaribio: mbegu inahitaji nini ili iote? Makopo manne yangetosha. La kwanza lingepewa kila kitu. La pili lingenyimwa maji. La tatu lingewekwa gizani. La nne lingejazwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, juu yake mafuta ya kupikia, ili hewa isipite.

"Matokeo siwaambii," alisema Mwalimu Bupe. "Mtaniambia ninyi. Na Loisi, sehemu ya matokeo kwenye manila iache wazi mpaka tuone. Umenielewa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Mbegu za uwele zilitoka kwa akina Lameck. Hilo halikuwa jambo dogo. Mavuno ya mwaka uliopita yalikuwa mabaya, na nyumba nyingi zilikuwa zimefika mahali pa kupima unga kwa kikombe. Hata hivyo kila nyumba yenye akili ilikuwa na masuke mazuri yaliyoning'inizwa juu ya mafiga, meusi kwa moshi ili wadudu wasiyaguse. Hayo ni ya kupanda. Mtoto angelala njaa, lakini masuke yale hayakushushwa. Mtu aliyeila mbegu yake aliitwa mla mbegu, na jina hilo likikupata, hata mchumba unakosa. Mama Lameck alipukuchua suke moja, akatia punje kwenye kitambaa, akamwambia mwanawe, "Zirudi zikiwa na majani."

Lameck alipanda, Jenifa akapima maji. Kwa kopo la gizani Loisi alileta kilindo cha bibi yake, lile pipa dogo la gome la mti lenye mfuniko wake, walilowekea karanga. Makopo yalifungiwa stoo, karibu na dirisha. Kwa kuwa Loisi alikaa karibu, alipewa ufunguo ili amwagilie Jumamosi na Jumapili. Jumatatu angekuja Afisa Elimu Kata kukagua maandalizi.

Sasa tuje kwenye kiburi. Ijumaa jioni wenzake walipoondoka, Loisi alikuwa akimalizia manila. Ile sehemu ya matokeo ilimtazama nyeupe, nayo kalamu nene ya wino ilikuwa bado mkononi. Akajiambia, kwani nani asiyejua? Mwalimu mwenyewe amesema jua ndilo linaloipa dunia uhai. Akaandika kwa herufi kubwa, nzuri kuliko zote alizowahi kuandika: BILA MAJI MBEGU HAIOTI. BILA HEWA MBEGU HAIOTI. BILA MWANGA MBEGU HAIOTI. Akaitundika ukutani stoo, akasogea nyuma, akaitazama kazi yake na kuridhika.

Jumapili baada ya ibada alifungua stoo. Uwele hauna uvivu, na katika joto la Novemba ulikuwa umeshachomoza. Kopo la kwanza lilikuwa na vijani vifupi vya kijani. La pili lilikuwa kavu, hamna kitu. La nne, lile la mafuta, nalo halikuwa na kitu. Loisi alitabasamu. Kisha akafunua kilindo.

Ndani ya giza uwele ulikuwa umeota wote. Tena ulikuwa mrefu kuliko ule wa dirishani, mwembamba, wa rangi ya manjano iliyopauka, umeinama ukitafuta pa kutokea.

Loisi alikibeba mpaka mlangoni. Aligeuza kilindo huku na huku akitafuta ufa, akakiinua juani kuona kama kuna mwanga unaopenya. Hakuona hata tundu la sindano. Akatazama manila ukutani. Wino ule haufutiki, na manila ilinunuliwa mjini. Duka la kijijini lilikuwa na sabuni na chumvi, manila halikuwa nayo. Kesho Afisa angesoma jambo moja ukutani na kuona jingine kwenye kopo. Na Mwalimu alikuwa amesema aache wazi!

"Labda kopo hili limeharibika," alijisemea. Watu tukitaka kufanya jambo baya, sababu hazikosekani.

Aliyang'oa majani yale moja moja, na kila jani lilitoka na mzizi wake na punje yake. Alisawazisha udongo kwa kiganja, akafunika kilindo, akatoka na kuvirusha vile vijani kwa kuku wa nyumbani. Kuku hawakuuliza vilitoka wapi.

Afisa Elimu Kata aliitwa Bi Devota, mama mnene, mpole, aliyewahi kufundisha sayansi miaka mingi. Jumatatu aliketi mbele ya Darasa la Sita, Mwalimu Gerson akiwa pembeni yake. Alimsikiliza Lameck mpaka mwisho bila kumkatiza, akamsifu. Akamsikiliza na Jenifa. Kisha akasimama mbele ya makopo, akasoma manila, akafunua kilindo na kukunja uso.

"Mwalimu Bupe, hili la gizani halikuota kabisa?"

Mwalimu Bupe alisogea, akatazama. Naye akashangaa. "Lilipaswa kuota. Uwele hauhitaji mwanga ili uote."

"Ndicho ninachouliza. Nileteeni gazeti."

Bi Devota alimwaga udongo wote juu ya gazeti, akaupekua kwa vidole. Darasa zima lilinyoosha shingo. Kulikuwa na udongo, na kokoto mbili. Punje hata moja haikuonekana.

"Nani alipanda?"

"Mimi," alisema Lameck. "Nilipanda, mama. Kila kopo nilipanda."

"Sasa mbegu zimekwenda wapi? Zimeyeyuka?"

Kutoka nyuma sauti ya Brighton ilisema, "Amezitafuna!" Ni kweli kwamba Lameck alipenda kutafuna uwele mbichi akichunga, kila mtu alimjua. Darasa likaangua kicheko. Mwingine akadakia, "Mla mbegu!" na neno hilo likaruka dawati hadi dawati mpaka Mwalimu Gerson akagonga meza.

Loisi alikuwa amesimama palepale, karibu na manila. Ilitosha kusema neno moja. Alijua hivyo, na neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini alimtazama Bi Devota, akaitazama ile manila yake nzuri, akanyamaza.

"Kikundi kisichojua mbegu zake zimekwenda wapi hakiwezi kusimama mbele ya majaji," alisema Mwalimu Gerson. "Lameck, utabaki. Brighton atachukua nafasi yako."

Lameck hakulia. Alirudi kwenye dawati lake, akaketi akiangalia mikono yake. Mwalimu Bupe alimtazama kwa muda mrefu, na ilionekana wazi kwamba hakuridhika.

Jumanne Lameck hakuja shule, na Jumatano vilevile. Kijijini habari hazina haja ya baiskeli. Kwenye foleni ya bomba Loisi aliwasikia wanawake wawili wakinong'ona kwamba kwa Matonya, nyumbani kwa akina Lameck, sasa wanakula mbegu, hali imekuwa mbaya namna hiyo. Loisi alijaza dumu lake, likafurika, maji yakamwagikia miguuni, na yule mama aliyekuwa nyuma yake akamfokea. Alijisikia vibaya sana. Aliona aibu, na kibaya zaidi, aliona aibu hiyo akiwa peke yake, maana hakuna aliyemlaumu, ingawa ufunguo wa stoo ulikuwa kwake.

Jumatano hiyo mchana Mzee Matonya, baba yake Lameck, alifika shuleni na fimbo yake ya kuchungia. Alikataa kuketi. Loisi alikuwa akimwagilia maua ya ofisi, akasikia kila neno kupitia dirisha.

"Mwalimu, mimi sikusoma," alisema Mzee Matonya taratibu. "Hayo ya nyota, mtoto ananisimulia, namsikiliza. Sikuja kugombana. Nimekuja kusema jambo moja. Kwangu hatuli mbegu. Mwaka ule wa njaa kubwa tulikula mizizi, mbegu ikabaki palepale juu ya moto. Mke wangu tangu jana hajaenda bombani. Anaogopa macho ya watu."

"Mzee, mimi sikusema Lameck kala," Mwalimu Bupe alijibu kwa huzuni.

"Hukusema. Lakini limesemwa darasani kwako."

Mzee aliaga, akaondoka. Loisi aliweka dumu chini. Miguu yake ilimpeleka ofisini kabla hajajua atasema nini, na alipoingia alisema yote kwa mkupuo: manila, kilindo, majani ya manjano, kuku. Kisha akaanza kulia.

Mwalimu Bupe alimwacha alie. Alipotulia akamuuliza, "Yalikuwa marefu?"

"Nini, Mwalimu?"

"Hayo majani ya gizani."

"Marefu sana. Kuliko ya dirishani. Yamepauka."

Mwalimu alitikisa kichwa. "Unajua ulikuwa na nini mkononi, Loisi? Ulikuwa na jibu sahihi. Ukaling'oa ili libaki jibu la uongo, kwa sababu la uongo lilikuwa limeandikwa vizuri. Dunia haina kazi ya kufuata manila yako. Wewe ndiye wa kuifuata dunia."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Mimi nimekusamehe. Lakini je, ni mimi niliyeitwa mla mbegu?" Alichukua mtandio wake kwenye kiti. "Twende."

Nyumba ya Mzee Matonya ilikuwa upande wa pili wa korongo. Walimkuta uani akikaza mpini wa jembe, Lameck akimshikia, mama akipepeta. Mwalimu alisalimia, akabaki kando, akamwachia Loisi uwanja. Loisi alipiga goti.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba," walijibu. Mama hakuacha kupepeta.

Loisi alisema. Mara hii ilikuwa ngumu zaidi kuliko ofisini, maana Lameck alikuwa anamtazama, na hakuna aliyemsaidia pale alipokwama. Alipomaliza, ungo ulikuwa umetulia.

"Kwa hiyo ziliota," alisema Mama Lameck.

"Ziliota zote, mama. Hata moja haikufa."

Mama alishusha pumzi ndefu. Lameck naye akasema kwa hasira, "Ulisimama pale, Loisi! Ulisikia wanavyonicheka. Ulikuwa karibu yangu kabisa."

"Nilisikia. Niliogopa."

"Na mimi je?"

Loisi aliinamisha kichwa. Mzee Matonya aliweka jembe chini.

"Kuna jingine," alisema Mwalimu Bupe kwa sauti ya chini. "Maonyesho ni Jumatano ijayo. Jaribio inabidi lirudiwe. Loisi, sema mwenyewe unachohitaji."

Hapo ndipo Loisi alipotamani ardhi ipasuke. Kuja kuomba mbegu, Novemba, kwenye nyumba uliyoichafulia jina kwa mbegu! Lakini alisema. "Naomba mbegu nyingine, mama. Chache tu."

Mzee Matonya alimtazama mkewe. Mama Lameck aliinuka, akaingia jikoni, akatoka na suke moja jeusi kwa moshi. Hakumpa Lameck. Alimwekea Loisi kwenye viganja.

"Pukuchua mwenyewe," alisema. "Zichague, zilizotobolewa weka pembeni. Ukizipanda, simama mbele ya hao waliocheka, wakuone unapanda. Na zikiota, waite wazione."

Siku iliyofuata, mstarini, mbele ya shule nzima, Loisi alieleza alichofanya. Mwalimu Gerson alimwomba Lameck radhi hadharani, jambo ambalo walimu wakuu wengi huliona gumu, na akamrudishia nafasi yake. Brighton alitamka samahani kwa shingo upande, kisha akaitamka tena vizuri baada ya Mwalimu Bupe kumtazama. Kisha Loisi akazipanda mbegu palepale, madarasa yote yakishuhudia.

Jumatatu kilindo kilifunuliwa darasani. Majani yalikuwa marefu, ya manjano, yameinama. Watoto walishangaa kwa sauti.

"Mbegu hubeba akiba yake ya chakula," alieleza Mwalimu Bupe. "Ikipata maji, hewa na joto, inaondoka safari hata gizani. Kwani mkizifukia shambani, kule chini kuna taa? Lakini akiba ikiisha kabla haijaliona jua, inakufa. Kwa hiyo mwanga ni wa kuishi, wala si wa kuota. Na msidhani ni ninyi tu mnaoshangazwa. Zamani wataalamu walidhani kwenye vilindi vya bahari, jua lisikofika, hakuna uhai wa maana. Wakashuka na chombo, wakakuta chemchemi za maji ya moto na viumbe tele wanaishi gizani. Walichoamini kilikuwa kimeshaandikwa vitabuni, kwa wino mzuri kabisa. Wakaandika walichokiona. Leo wapo wanaofikiri huenda uhai wa kwanza duniani ulianzia mahali pa namna hiyo. Hakuna mwenye uhakika, bado wanatafuta."

Manila haikubadilishwa, kwa kuwa haikuwepo nyingine. Loisi alipiga mstari mmoja juu ya maneno BILA MWANGA MBEGU HAIOTI, akaandika chini yake kwa herufi ndogo kile walichokiona.

Mjini, ukumbi ulijaa watoto wenye sare za kila rangi. Jaji aliyefika kwenye meza yao alikuwa mwalimu mstaafu, Mzee Batholomeo, mwenye miwani na maswali mengi. Alimsikiliza Lameck kuhusu mwanzo wa ulimwengu, kisha akauliza, "Wewe ulikuwepo?"

"Hapana, mzee. Hakuna aliyekuwepo."

"Sasa mmejuaje?"

Lameck alifikiri kidogo. "Baba yangu ni mfugaji. Asubuhi akikuta nyayo kwenye mchanga wa korongo, anajua ng'ombe wamepita, ni wengi au wachache, na wameelekea wapi. Hakuwaona. Mwanzo wa ulimwengu nao umeacha nyayo. Makundi ya nyota yanazidi kuachana mpaka leo. Lile joto la mwanzo limepoa sana, lakini vyombo bado vinalipima pande zote za anga."

"Vizuri. Na mtu akizifuta nyayo hizo?"

Lameck alisita. Hakumtazama Loisi, na Loisi aliona kwamba alifanya hivyo kwa makusudi, kwa kumsitiri. Hapa mjini hakuna aliyekuwa akijua lolote. Mstari ule kwenye manila ungeweza kuitwa kosa la mwandiko na mambo yakaisha.

"Wanaofuata nyuma wanapotea, mzee," alisema Loisi. "Mimi nilizifuta. Hili kopo la gizani ni la pili. La kwanza liliota, nikang'oa kwa sababu nilikuwa nimeshaandika kwamba halitaota. Mwenzangu huyu akasingiziwa. Mstari huu niliuchora mimi."

Watoto wa meza ya jirani waligeuka. Mzee Batholomeo alivua miwani, akaisoma manila upya, akaandika jambo kwenye karatasi yake, akasema, "Asanteni," akaenda meza nyingine.

Kikombe kilichukuliwa na shule moja ya mjini iliyotengeneza jiko la jua. Chidogomi walikuwa wa nne, na wa nne hapewi kitu. Jioni wakisubiri gari la kurudi, Jenifa akila mahindi ya kuchoma na Lameck akisinzia juu ya begi lake, Loisi alimsogelea mwalimu.

"Mwalimu, ningenyamaza tungeshinda?"

"Labda," alisema Mwalimu Bupe. "Sijui. Huenda mngeshinda."

Loisi aliinamisha uso.

"Sikiliza, mwanangu. Hakuna mtu mmoja aliyeupima ulimwengu wote. Mmoja alitazama nyota hii, mwingine ile, wengine wameshakufa, wengine hawajuani hata majina. Sisi tunasimama juu ya maneno yao. Na tunayaamini kwa sababu moja tu, kwamba waliandika walichokiona, hata pale kilipowaumbua. Leo mzee yule hakuwa na namna ya kujua kama ulidanganya, na bado ulimwambia. Kuanzia leo, Loisi, ukiniambia kopo limeota, sina haja ya kwenda kulifunua."

Gari lilifika. Loisi alimtingisha Lameck aamke, akambebea begi lake mpaka mlangoni.